Kufunga mfumo wa gesi kwenye gari la petroli: mwongozo kwa mwenye gari wa Dar es Salaam

Kabla hujauliza bei ya kufunga gesi, jua unatembea kilomita ngapi kwa siku. Hesabu nzima imelalia hapo. Tuchukue Toyota IST ya cc 1,300 inayokwenda kilomita 12 kwa lita kwenye foleni za Dar. Petroli tuiweke shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, na gesi shilingi 1,550 kwa kilo, bei iliyozoeleka vituoni miaka hii ya karibuni. Kilo moja ya gesi hufanya kazi ya lita moja na theluthi hivi ya petroli, kwa hiyo gari hilohilo litakwenda kama kilomita 16 kwa kilo.

Dereva wa teksi mtandao anayepiga kilomita 100 kwa siku anatumia petroli ya 25,000. Kwa gesi atatumia kama 9,700. Anabaki na 15,000 mfukoni, na mfumo wa milioni mbili unajilipa ndani ya miezi minne na nusu. Mfanyakazi anayetoka Sinza kwenda Posta na kurudi, kilomita 25 kwa siku, anaokoa chini ya 4,000. Huyo atasubiri zaidi ya siku 500 za kuendesha ndipo aanze kuona faida, na hapo hatujahesabu muda wa kukaa foleni ya kujaza. Weka bei za wiki hii badala ya hizi zangu: EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo za petroli kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ukiona jibu linazidi mwaka mmoja na nusu, mimi ningetulia na petroli.

Gesi ninayoizungumzia ni CNG, yaani gesi asilia ya Songosongo na Mnazi Bay, inayofika Dar kwa bomba na kushindiliwa kituoni hadi shinikizo la bar 200. Ile ya mtungi wa jikoni ni LPG, gesi nyingine kabisa, na nitaigusa mbele kwa ajili ya wasomaji wa Kenya.

Hatua ya kwanza: hakikisha injini yako ni ya aina inayokubali

Fungua boneti usome namba ya injini. Kama ni 1NZ-FE, 2NZ-FE au 1ZZ-FE, yaani IST nyingi, Raum, Probox, Premio za cc 1,500 na 1,800, uko salama. Hizi humwaga petroli kwenye menifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, na gesi inaingia njia hiyohiyo bila ugomvi.

Ukikuta herufi FSE mwishoni, simama. 1AZ-FSE iko kwenye Noah nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 na baadhi ya Premio za cc 2,000, na kwenye kava utaona imeandikwa D-4. Injini hizi humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Nozeli zake, yaani vile vimdomo vya kumwagia petroli, zimekaa kwenye moto, na kinachozipoza ni petroli inayopita ndani yake. Ukizima petroli ukaweka gesi tupu, nozeli zinaiva. Mitsubishi zenye GDI zina shida hiyohiyo. Ipo mifumo iliyotengenezwa kwa ajili yake, inayoendelea kudondosha petroli kidogo muda wote, lakini bei ni kubwa na akiba inapungua. Fundi akikuambia "hakuna tofauti, tutafunga tu", mshukuru uondoke.

Injini ya dizeli usiipeleke kabisa kwa fundi wa mfumo huu. Haina plagi ya kuwasha gesi, na ubadilishaji wake ni kazi nyingine.

Hatua ya pili: tibu gari likiwa bado kwenye petroli

Hapa ndipo pesa nyingi za watu zinapotea. Mtu ana gari linalomisi, linakula mafuta, taa ya chek injini inawaka tangu mwaka jana, halafu anafikiri gesi italiponya. Gesi haiponyi kitu, na ugonjwa uliokuwa umejificha kwenye petroli huuanika hadharani.

Anza na plagi na koili. Mchanganyiko wa gesi na hewa unahitaji cheche kali zaidi kuliko petroli. Koili iliyochoka inaweza kuvumilia petroli kwa miaka, lakini siku ya kwanza ya gesi gari litaanza kushtuka ukikanyaga mafuta kupanda kilima cha Kimara. Weka plagi mpya, na mwambie fundi apunguze uwazi wake hadi milimita 0.7 au 0.8. Badilisha na ea klina: gesi inakula nafasi ya hewa ndani ya menifoldi, na ea klina iliyoziba inaongeza njaa juu ya njaa.

Pima kompresheni ya silinda zote. Ikiwa moja imeshuka mbali na wenzake, tatizo ni ringi au valvu, na hilo linatangulia. Ukiwa hapo, pima na nafasi ya tapeti. Gesi huwaka bila ule umajimaji wa petroli unaolainisha na kupoza vitako vya valvu, kwa hiyo vitako hulika polepole na nafasi ya tapeti hupungua. Kwenye 1NZ na 1ZZ hakuna skrubu ya kurekebisha. Unabadilisha vikombe vya tapeti kimoja kimoja kwa unene wake, na si kila gereji inavyo. Ukianza ukiwa na vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi, baada ya kilomita 40,000 utajua kama vitako vinalika au la.

Halafu kuna jambo la thamostati, kile kifaa kinachozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto. Mafundi wengi wa mjini wana tabia ya kuitoa na kuitupa, eti Dar kuna joto. Nyingi za IST ninazoziona hazina, na kwenye rejeta yamejaa maji ya bomba. Gari la petroli litakuvumilia. La gesi halitakuvumilia, kwa sababu regulata, kifaa cha kushusha shinikizo la gesi, inategemea maji ya moto ya injini. Gesi inaposhuka kutoka bar 200 hadi kama bar 2 inapoa vikali mno, na maji ya moto yanayozunguka regulata ndiyo yanayoizuia isigande. Bila thamostati, ukiwa Barabara ya Bagamoyo usiku na upepo unapiga rejeta, injini haifiki joto lake, na gari linachelewa kuhamia gesi au linarudi petroli lenyewe. Dereva analalamika kwamba mfumo ni feki. Rudisha thamostati, weka kulanti, yaani maji maalumu ya kupoza injini.

Mwisho, unganisha mashine ya kupimia inayosoma makosa ya injini, futa makosa yote, tembea siku mbili tatu, angalia kama yamerudi. Gari likiwa safi kwenye petroli, ndipo upange siku ya kufunga.

Hatua ya tatu: chagua fundi kwa macho

Dar kuna karakana kadhaa zinazofanya kazi hii, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, yaani DIT, ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kufunga na kufundisha mafundi. Bei zimekuwa zikicheza kati ya milioni moja na nusu na milioni mbili na nusu, kutegemea ukubwa wa mtungi na aina ya mfumo.

Nenda siku ambayo hujabeba pesa. Angalia gari linalofungwa muda huo. Je, wameishusha menifoldi chini kabla ya kuitoboa, au wanatoboa ikiwa juu ya injini? Vipande vya chuma au plastiki vinavyoangukia ndani huishia kwenye silinda, na mikwaruzo yake utaigundua baadaye sana. Je, nyaya zinalehemiwa na kufunikwa kwa mrija wa joto, au zinasokotwa na kuzungushiwa solotepu? Solotepu ya boneti la Dar huyeyuka gundi yake ndani ya miezi, na hapo ndipo gari linapoanza kuzima kwenye mataa bila sababu. Uliza kama wana laptopu na programu ya mfumo wanaouza. Fundi asiye na laptopu anaweza kufunga vizuri, lakini hawezi kurekebisha mchanganyiko, na nusu ya kazi iko kwenye kurekebisha.

Kuhusu aina: kwa gari lenye nozeli za umeme chukua mfumo wenye nozeli zake za gesi, moja kwa kila silinda, na kontroli boksi yake. Ule wa zamani unaochanganya gesi mdomoni mwa menifoldi ni wa magari ya kabureta. Ni rahisi, lakini kwenye menifoldi ya plastiki mlipuko wa kurudi nyuma unaweza kuipasua.

Hatua ya nne: soma mtungi

Usikubali mtungi uliopakwa rangi mpya juu ya maandishi. Shingoni au begani utaona mihuri iliyogongwa: mwezi na mwaka wa kutengenezwa, ujazo kwa lita, shinikizo la kazi bar 200, shinikizo la kupimia bar 300, namba ya mtungi, na kiwango, mara nyingi ISO 11439 au ECE R110. Piga picha, uiweke pamoja na risiti. Mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji haufai, hata ukiwa mzito kiasi gani. Tangi la LPG ndilo la hatari kuliko yote: limetengenezwa kubeba shinikizo la bar kumi hivi kwa siku ya kawaida, na ukilijaza kwa bar 200 umetengeneza bomu.

Mtungi wa lita 60 unabeba kama kilo 10 za gesi, sawa na kilomita 160 kwa ile IST yetu. Ukiwa wa chuma una uzito wa kilo 60 na ushee, kana kwamba kuna abiria wa kudumu ndani ya buti. Springi za nyuma zilizolegea zitainama, na nafasi ya mizigo imekwenda. Mwenye Probox au Noah hatasumbuka. Mwenye IST ajue kabisa kwamba masanduku ya safari yatakaa kiti cha nyuma.

Hatua ya tano: siku ya kufunga, simamia mambo haya

Kazi huchukua siku moja, wakati mwingine mbili. Huna haja ya kumshika fundi mkono, ila kuna sehemu chache ambazo lazima uzione kwa macho yako.

Fremu ya mtungi ifungwe kwa boliti zinazopenya sakafu ya buti, na chini ya gari kila boliti iwe na bamba pana la chuma. Washa ndogo, kile kiduara cha chuma cha chini ya nati, peke yake haitoshi. Gari likigongwa kwa nyuma, washa inapenya bati na mtungi unaruka kuelekea kiti cha abiria. Tikisa mtungi kwa mikono miwili. Usisogee hata kidogo.

Valvu ya mtungi ifunikwe na mfuko usiopitisha hewa, wenye mipira miwili inayotoka nje ya gari kupitia sakafu. Gesi ikivuja, itoke barabarani, isijae ndani ya buti. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hupanda na kutawanyika haraka ikiwa mahali pa wazi, lakini ndani ya gari lililofungwa vioo haina pa kwenda. Valvu hiyo iwe na kizibo cha usalama kinachoachia gesi itoke pale moto unapokifikia, na iwe na koki unayoweza kuifunga kwa mkono. Mwambie fundi akuonyeshe koki inavyofungwa, kisha uifunge mwenyewe mbele yake.

Bomba la shinikizo kubwa ni la chuma, na linapita chini ya gari kutoka nyuma hadi kwenye boneti. Lifuate kwa tochi likiwa kwenye jeki: liwe mbali na ekzosi, lisiguse sehemu inayocheza, libanwe kwa klipu kila baada ya hatua fupi, lisiwe kitu cha chini kabisa kinachokutana na matuta ya barabarani.

Kwenye boneti, nozeli za gesi zikae karibu na menifoldi, na mipira yake iwe mifupi na ya urefu sawa. Mmoja ukiwa mrefu kuliko wenzake, silinda hiyo inapata gesi kwa kuchelewa na injini inatetemeka ikiwa imesimama. Kontroli boksi iwekwe juu, mbali na ekzosi, mahali ambapo maji ya mwosha magari hayafiki.

Wakimaliza kuunganisha maji ya regulata, hakikisha wametoa hewa yote kwenye mfumo wa kupoza. Hewa iliyonaswa humo ndiyo sababu ya magari mengi kuchemka wiki ya kwanza baada ya kufungwa gesi, na wenye magari huishia kubadilisha rejeta bure.

Kisha povu. Gesi ikiwa imejazwa, kila kiungo kipakwe povu la sabuni, kuanzia mtungi hadi nozeli. Kapovu kanakokua polepole ni uvujaji, hata kama pua haisikii kitu. Waombe warudie mbele yako.

Hatua ya sita: kurekebisha mchanganyiko

Gari likishawaka kwa gesi, wateja wengi hulipa na kuondoka. Usiondoke. Injini ipashwe joto kwenye petroli kwanza, kisha laptopu iunganishwe na mfumo ujipime gari likiwa limesimama. Hicho ni kipimo cha mwanzo tu. Baadaye fundi apande gari pamoja nawe, laptopu mapajani, mtembee barabarani kwenye petroli, kisha kwenye gesi, kwa mwendo wa taratibu, wa kati na wa kukanyaga sana. Anachotafuta ni muda wa nozeli za petroli, ule ambao kompyuta ya gari inaupanga, usibadilike mnapohama kutoka petroli kwenda gesi. Ukirefuka, gesi ni ndogo. Ukifupika, imezidi.

Omba pia mashine ya kupimia iwekwe ukiwa kwenye gesi, na usome marekebisho ya muda mrefu ya mafuta, yaani kiasi ambacho kompyuta ya gari imezoea kuongeza au kupunguza. Yakiwa ndani ya asilimia 10 juu au chini ya sifuri, kazi ni nzuri. Yakifika 20, chek injini itawaka kabla ya wiki kwisha, na utaambiwa gari lako ndilo bovu.

Nguvu itapungua kama asilimia 10. Hilo halina dawa ya maana, maana methani inachukua nafasi ya hewa kabla haijafika kwenye silinda, na anayekuahidi vinginevyo anauza. Mjini hutaisikia. Ukiwa na familia na mizigo unapanda Kitonga, bonyeza swichi urudi petroli.

Baada ya kufunga: mazoea mapya

Gari litawaka kwa petroli kila asubuhi na kuhamia gesi lenyewe maji yakifika nyuzi 30 au 40 hivi. Ndiyo maana tangi la petroli lisiwe kavu kamwe. Kwenye magari mengi pampu ya petroli inaendelea kuzunguka hata ukiwa kwenye gesi, na kinachoipoza ni petroli iliyomo tangini. Wanaoendesha taa ya mafuta ikiwaka miezi mitatu mfululizo, wakijisifu kwamba hawajagusa petroli, hununua pampu. Weka robo tangi, na mara moja kwa wiki tembea kilomita chache kwenye petroli ili nozeli zisizibe.

Kujaza kuna adabu yake: zima injini, vuta breki ya mkono, abiria wote washuke, simu iwekwe kando. Usishangae geji ikionyesha bar 200 kituoni na ukifika nyumbani inasoma 170 au 180. Gesi ikiingia kwa kasi hupata joto na kutanuka, ikipoa shinikizo linashuka. Mchana wa Januari utapata kilo chache kuliko alfajiri ya Julai. Na kituo kilichohudumia magari mengi mfululizo shinikizo lake hushuka, unaondoka na mtungi usiojaa. Madereva wanaojua huenda usiku wa manane au kabla ya adhana ya alfajiri, foleni ikiwa fupi na shinikizo likiwa limepanda. Vituo vimeongezeka, kuanzia Ubungo na Tazara hadi kile cha TPDC, shirika la petroli la taifa, kando ya Barabara ya Sam Nujoma, lakini bado vingi viko Dar. Mtu wa safari za mikoani kila wiki atakuwa anabeba mtungi mtupu.

Rudi kwa fundi baada ya kilomita 1,000 au 1,500. Viungo vipya hulegea kidogo, filta ya gesi inakusanya uchafu wa mabomba mapya, na mchanganyiko unahitaji kuguswa tena. Mjulishe wa bima kwa maandishi kwamba gari limefungwa gesi.

Gari likienda kunyooshwa bodi, mtungi utolewe kwanza. Kuchomelea bati la nyuma mtungi ukiwa ndani, au kuliingiza gari kwenye chumba cha moto cha kukaushia rangi mtungi ukiwa umejaa, ni kucheza na roho za watu. Mtungi wenyewe una umri: viwango vingi vya dunia vinataka upimwe upya kila baada ya miaka 3 hadi 5, na maisha yake yote hayazidi 20 kuanzia tarehe iliyogongwa shingoni. Uliotoboka kutu au kugongwa kwenye ajali haurudishwi kazini.

Kwa walio Kenya

Huko hakuna gesi ya bomba, kwa hiyo gari hufungwa LPG. Mengi niliyosema kuhusu plagi, thamostati, menifoldi na laptopu yanabaki vilevile. Tangi ndilo tofauti. Ni jepesi, mara nyingi la mviringo, linakaa mahali pa tairi ya akiba, kiwango chake ni ECE R67, na linajazwa asilimia 80 tu kwa valvu yenye boya ili kimiminika kipate nafasi ya kutanuka juani. Mtungi wa jikoni hauna boya hilo, na umetengenezwa kutoa mvuke kutoka juu, wakati mfumo wa gari unavuta kimiminika kutoka chini. Usiufunge ndani ya gari kwa hali yoyote. LPG pia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo na maegesho ya chini ya majengo, kwa hiyo ukisikia harufu usiguse swichi, fungua milango na usukume gari nje.

Siku ya kuuza gari

Mnunuzi wa Dar anaweza kulipia mfumo, wa Singida hautaki. Mfumo hufunguliwa na kuhamishiwa gari lingine, ila regulata na nozeli zilingane na ukubwa wa injini mpya, na mpango wa laptopu uanze upya kabisa. Gesi yote itumike au itolewe na fundi kabla ya kufungua bomba. Kwenye gari linalobaki, matundu ya menifoldi yazibwe kwa boliti zenye uzi, nyaya za nozeli za petroli zirudishwe moja kwa moja na kulehemiwa, na matundu ya boliti za sakafu yazibwe ili maji yasiingie kwenye buti. Mpe mnunuzi zile picha za mihuri na risiti ya kipimo cha mwisho, kama mtungi unakwenda naye.